Ua fupi lililofaulu mtihani wa baridi

Naandika kutoka Viikki, kampasi ya kilimo na misitu ya Chuo Kikuu cha Helsinki. Leo tuweke kando mambo ya mitihani na bei ya chakula cha mgahawani, tuongee historia kidogo. Historia yenyewe siyo ya wafalme wala ya vyama vya siasa. Ni historia ya kichaka. Tena kichaka kifupi, cha magotini au kiunoni, ambacho watu wa kawaida wa mji huu wamepanda mbele ya nyumba zao, na ikifika mwisho wa Mei mpaka katikati ya Juni kinalipuka maua mpaka majani hayaonekani.

Wafini wanakiita alppiruusu, yaani waridi la milima ya Alpi. Kwingine duniani kinaitwa rododendroni, neno la Kigiriki lenye maana ya mti wa waridi. Si waridi hata kidogo, ila hayo tuwaachie Wagiriki wenyewe.

Maswali yangu ni mawili tu. La kwanza: mmea huu umewezaje kuishi hapa? Helsinki iko nyuzi 60 kaskazini mwa ikweta, na usiku wa Januari wa nyuzi 20 chini ya sifuri si jambo la kumshangaza mtu. La pili: mbona ni mfupi hivi, wakati ukiangalia picha za bustani za mabwanyenye wa Uingereza unaona rododendroni ndefu kuliko nyumba? Nimesoma soma nikagundua kwamba majibu yote mawili yako kwenye hadithi moja, na hadithi hiyo ina watu wengi ambao majina yao hayajaandikwa popote pale bustanini.

Tuanze na mmea wenyewe. Kuna spishi zaidi ya elfu moja za rododendroni, nyingi ziko Himalaya, kusini magharibi mwa China, na visiwa vya kusini mashariki mwa Asia mpaka New Guinea. Afrika hatuna hata moja ya porini. Lakini ndugu zake tunao. Aliyepanda Kilimanjaro anakumbuka: ukishatoka kwenye msitu wa mvua unaingia ukanda wa vichaka na miti yenye vijani vidogo kama sindano, imening'inia kuvumwani kama ndevu za wazee. Ile ni Erika, ukoo mmoja na rododendroni. Ukoo huu una tabia zake. Wengi wao hawataki chokaa, wanataka udongo wenye tindikali. Mizizi yao ni myembamba kama nywele, inakaa juu juu ya ardhi, na inasaidiwa na kuvu wadogo kutafuta chakula. Ukimchimbia rododendroni shimo refu kama la mwembe, umemzika.

Sasa baridi. Wengi tunadhani baridi inaua mmea kwa kuugandisha tu, basi. Kumbe kwa rododendroni hatari nyingine kubwa ni kiu. Hizi tunazozungumzia hapa hazipukutishi majani, zinakaa nayo mwaka mzima. Ikifika Machi jua linarudi na nguvu, theluji inaakisi mwanga, majani yanapoteza maji. Chini huku udongo bado umeganda kama zege, mizizi haiwezi kunyonya hata tone. Mmea unakufa kwa kiu huku umezungukwa na barafu! Ndiyo maana baridi ikizidi utaona majani yake yamelegea na kujikunja kama sigara. Wageni tunadhani mmea umeshakufa, kumbe unajikinga. Halafu kuna jambo jingine: matumba ya maua ya mwakani yanatengenezwa kiangazi cha mwaka huu, kwa hiyo lazima nayo yapite msimu wote wa baridi yakiwa nje. Mmea unaweza kupona na maua yote yakafa. Mkulima wa bustani anataka vyote viwili vipone.

Haya, twende kwenye historia.

Mwaka 1809 Mskoti mmoja, John Fraser, alipeleka Uingereza rododendroni kutoka milima ya Appalachia, Marekani. Ikaitwa catawbiense, kwa jina la mto Catawba, mto wenye jina la watu wenyeji wa eneo lile. Mmea huu ulikuwa mgumu kama jiwe, baridi ya Ulaya haikuusumbua. Ila maua yake ni ya zambarau iliyofifia, na wenye bustani walitaka nyekundu. Nyekundu ilikuwepo kwenye spishi ya Himalaya iitwayo arboreum, mti kabisa, maua kama damu. Tatizo lake ni kwamba jalidi ikipiga, kwisha habari. Basi kuanzia miaka ya 1820 watunza bustani wakaanza kuchavusha moja kwa nyingine, ugumu wa Marekani na rangi ya Asia. Hapo ndipo mchezo wote ulipoanza, na mpaka leo kanuni haijabadilika: tafuta mmoja anayevumilia na mmoja anayependeza, waoze, halafu subiri watoto.

Lakini angalieni nani alikuwa anasubiri. Hawa walikuwa watu wenye mashamba makubwa, wenye watunza bustani wa kuajiriwa, wenye msitu mzima wa kujaza. Kwao ukubwa haukuwa tatizo, ukubwa ndio uliokuwa sifa. Joseph Hooker alipoingia Sikkim mwaka 1848 kutafuta mimea, alirudi na rododendroni ambazo ziliwatia wazimu matajiri wa Uingereza. Hapo hapo ndipo ua linapokutana na ukoloni. Mwaka 1849 Hooker na mwenzake Campbell, ofisa wa Kiingereza wa Darjeeling, walikamatwa na watawala wa Sikkim kwa kuzunguka huko ndani bila ridhaa yao. Waliachiwa, na mwaka 1850 Waingereza wakajibu kwa kujichukulia sehemu ya ardhi ya Sikkim. Mbegu zikaenda bustanini, na ardhi nayo ikaenda.

Si kila kilichopandwa kilikuwa baraka, jamani. Rododendroni iitwayo ponticum, iliyofika Uingereza mwaka 1763, ilitoroka bustanini na kuingia msituni. Leo Uingereza na Ireland wanatumia fedha nyingi kuing'oa, maana inafunika kila kitu na chini yake hakioti kitu. Sisi wa Tanzania tunaojua gugumaji lilivyovamia Ziwa Victoria tunaelewa bila kufafanuliwa.

Anafuata George Forrest, Mskoti mwingine, ambaye kati ya 1904 na 1932 alifanya safari saba kwenda Yunnan, China. Mwaka 1905 alinusurika kuuawa katika machafuko ya mpakani na Tibet, wakati karibu wasaidizi wake wote walipoteza maisha. Mwaka huo huo ilikusanywa rododendroni moja ya ajabu: haisimami. Inatambaa juu ya miamba kama majani ya viazi vitamu, na maua yake ni mekundu kweli kweli, makubwa kuliko unavyotegemea kwa mmea wa kimo kile. Ikaitwa forrestii.

Hapa naomba tusimame kidogo. Forrest hakupanda kila mlima mwenyewe. Kazi kubwa ya kupanda, kutafuta, kukausha na kukusanya mbegu ilifanywa na Wanaxi, wenyeji wa kijiji kimoja karibu na Lijiang. Kiongozi wao aliitwa Zhao Chengzhang. Wanahistoria wa siku hizi wameonyesha kwamba yeye na wenzake waliijua ile milima kiasi cha kupanga safari na kusafiri wenyewe miezi mingi bila Forrest kuwepo. Vielelezo takribani 31,000 vinahesabiwa kwa jina la Forrest. Mimea kadhaa inaitwa forrestii. Zhao alipewa nini? Mshahara. Nikisema hivi sina maana Forrest alikuwa mwizi, alihatarisha maisha yake na alifia huko huko Yunnan. Nasema tu kwamba kibao cha bustanini kina nafasi ya jina moja, na aliyekiandika alijua amwandike nani.

Tuendelee. Karne ya 20 ikaja na vita viwili, na vita vikabadilisha bustani. Mfano mzuri ni Exbury, kusini mwa Uingereza, mali ya Lionel de Rothschild, mtu wa benki aliyependa rododendroni kuliko benki. Alichavusha chotara mamia kwa mamia. Mwaka 1942 alifariki, na mwaka huo huo jumba lake likachukuliwa na jeshi la majini kwa ajili ya vita. Baada ya vita kodi zilipanda, vibarua wa bei rahisi wakapungua, mashamba makubwa yakakatwa vipande. Watu wakahamia kwenye nyumba ndogo zenye kipande cha bustani mbele na kingine nyuma. Mtu wa nyumba hiyo angefanya nini na kichaka cha mita sita? Kingemziba dirisha na kumgombanisha na jirani.

Bahati nzuri jibu lilishafika Exbury kabla ya vita, na hakuna aliyejua. Mwaka 1934 mwenye kitalu wa Kijapani, Koichiro Wada, alimtumia Rothschild mimea miwili kutoka kisiwa cha Yakushima, kusini mwa Japani. Kisiwa kile kina mlima wa zaidi ya mita 1,900, kinanyeshewa mvua mno, na kule juu upepo hauna simile. Rododendroni ya pale imejifunza kuinama: fupi, imejikusanya kama kichuguu cha mviringo, majani mazito yenye manyoya ya kahawia chini kama blanketi. Matumba yake ni ya waridi na yakifunguka yanageuka meupe. Mmea mmoja kati ya ile miwili ulipelekwa bustani ya Wisley, ya Chama cha Kifalme cha Bustani, na mwaka 1947 ukaonyeshwa kwenye maonyesho ya Chelsea. Ukapata cheti cha daraja la kwanza. Leo mmea ule unaitwa 'Koichiro Wada'. Huyu angalau alipata kibao chake.

Baada ya hapo kila mtu alitaka damu ya Yakushima, kwa sababu ukiuchavusha na chotara mrefu, watoto wengi wanatoka wafupi na wanatoa maua wakiwa bado wadogo. Kitalu cha Waterer kule Bagshot kikatoa kundi la chotara zilizopewa majina ya vibeti saba wa kwenye ile hadithi ya watoto. Kule Ujerumani Hans Hachmann alifanya kazi kubwa na damu hiyo hiyo. Mjerumani mwingine, Dietrich Hobbie, alipita njia tofauti, akachukua ile forrestii inayotambaa akaichanganya na chotara nyekundu, akapata vichaka vifupi vyekundu kama 'Baden-Baden' na 'Scarlet Wonder'. Na Marekani, jimbo la Massachusetts, familia ya Mezitt waliotokea Latvia walichanganya mwaka 1939 rododendroni ndogo ya Siberia na ndogo ya milima ya Carolina. Ikatoka 'P.J.M.', jina la herufi za baba mwenye kitalu, Peter John Mezitt. Ikawa mkombozi wa bustani za baridi za kule.

Mnaona mwelekeo? Mmea haukupungua kimo kwa bahati mbaya. Bustani ilipungua, mwenye bustani akabadilika, na mmea ukafuata.

Lakini Ufini bado ilikuwa nje ya ramani. Chotara nyingi za Ulaya Magharibi zilikuwa zikifika hapa zinakufa, au zinaishi bila kutoa ua. Ilibidi watu wa hapa watafute wa kwao. Mwaka 1902 Axel Fredrik Tigerstedt alianzisha msitu wa majaribio unaoitwa Mustila, kule Elimäki. Familia yake ikaendelea kupanda miti na vichaka vya nchi za mbali kuona nini kitapona. Mtihani mkubwa ulikuja wenyewe: kuanzia 1939 mpaka 1942, Ufini ikiwa vitani, ilipigwa na misimu mitatu mfululizo ya baridi kali kupita kawaida. Kilichobaki hai Mustila baada ya hapo hakikuhitaji cheti kingine. Kati ya nyota za Mustila kulikuwa na rododendroni ya asili ya Korea, ndefu, maua meupe yenye waridi kwa mbali, ambayo kwenye vitabu ilipewa jina la familia: tigerstedtii.

Mwaka 1973 chuo chetu kikaanza mradi wa kuzalisha rododendroni za Ufini, wakiongoza Peter Tigerstedt, mjukuu wa yule wa 1902, pamoja na Marjatta Uosukainen. Kazi yenyewe ukiisikia ni rahisi. Unachagua ua, unalitoa viungo vya kiume kabla hayajamwaga chavua, unalipaka chavua ya mzazi unayemtaka, unalifunika. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Unaotesha maelfu ya miche, halafu unaitoa nje na kuiacha Januari ifanye kazi yake. Unarudi mwaka baada ya mwaka kuhesabu nani amebaki. Sehemu kubwa ya miche hiyo haikuitwa jina lolote, ilikufa tu au ikatupwa. Mwaka 1975 baadhi ilipandwa kwenye msitu wa misonobari wenye kinamasi hapa mjini Haaga, karibu na stesheni ya Huopalahti. Shamba la majaribio limekuwa bustani ya watu wote. Hakuna kiingilio. Mwanzoni mwa Juni unatembea kwenye njia za mbao, juu yako kuna maua na pembeni kuna bibi kizee na kamera yake.

Aina zilizotoka humo zinaitwa 'Helsinki University', 'Haaga', 'Mikkeli', 'Hellikki' na nyingine. Zipo zinazovumilia mpaka nyuzi 35 chini ya sifuri. Kwa bustani ndogo nitaje moja tu, 'Elviira'. Haifiki mita moja, nyekundu kama pilipili. Mzazi mmoja ni ile tigerstedtii yenye damu ya Korea, mwingine ni ile inayotambaa ya Yunnan, ile ya 1905. Katika 'Elviira' ufupi siyo urembo peke yake. Theluji ikianguka inaifunika yote, na chini ya theluji baridi haiwi kali kama ilivyo hewani. Ua limejipatia blanketi bure kwa sababu ya kimo chake. Nilipolielewa hili nilicheka peke yangu maktaba.

Jambo la mwisho kwenye historia hii ni kuzidisha. Aina mpya ikibaki mti mmoja kwenye shamba la chuo haimsaidii mtu. Ndiyo hapo maabara ilipoingia, ikawa inakuza vipande vidogo vya mmea kwenye chupa, kama tunavyofanya na migomba ya tishu nyumbani. Uosukainen alifanya kazi hiyo kwenye kituo cha Laukaa. Kwa njia hiyo kichaka kilichochukua miaka mingi kupatikana kinauzwa dukani kwa bei ambayo mwenye mshahara wa kawaida anaiweza.

Kwa wale mlioko nchi za baridi mnaotaka kujaribu, mtaona kwamba ushauri wote unatokana na historia hiyo hapo juu. Chagua sehemu yenye kivuli chepesi, iliyokingwa na upepo na jua la Machi, maana kiu ndiyo muuaji. Shimo liwe pana, lisiwe refu. Jaza udongo wa kinamasi uliochanganywa na magome ya misonobari, usiweke chokaa wala majivu. Panda juu juu, kisha tandaza magome juu ya mizizi na usipalilie kwa jembe hapo karibu. Mwagilia vizuri kabla ardhi haijaganda. Februari ikiisha weka kitambaa cha gunia upande wa jua mpaka udongo uyeyuke. Na mbuzi au mtoto asile majani, yana sumu. Hata asali yake inaweza kulevya: mwaka 401 kabla ya Kristo askari wa Kigiriki walikula asali ya mwituni karibu na Trabzon, Uturuki ya leo, wakaanguka kama waliolewa.

Basi wadau, mimi nimetoka na mambo mawili. Moja, uvumilivu wa kichaka hiki haukutengenezwa na mtaalamu yeyote. Ulitengenezwa na milima ya Korea, Appalachia, Siberia na kile kisiwa chenye upepo. Wataalamu waliuhamisha na kuuchanganya, na ni kazi kubwa, lakini mali ya asili ilikuwa ya mlima. Ule wa porini ukipotea, hakuna maabara itakayourudisha. Pili, ua lililoanza kama fahari ya mwenye jumba limeishia mbele ya nyumba ya dereva wa basi, na lililofanya hivyo hapa Ufini ni chuo cha umma, kwa kazi ya miaka mingi isiyo na faida ya haraka. Nikifikiria mimea yetu ya milimani, ya Uluguru na Usambara, najiuliza ni nani anayekaa nayo miaka 15 akihesabu iliyobaki hai. Na akipatikana, je, yule mzee wa kijijini aliyemwonyesha njia ataandikwa kwenye kibao?

Mliopo SUA na Mlimani, nawasubiri kwenye maoni. Nawasilisha.